Kikombe cha Kahawa na Sauti ya Niamey

Harufu ya udi ilimfuata Kheiria mpaka jikoni. Mumewe, mwalimu wa chuo kikuu hapa Maskati, alikuwa anajifukiza kanzu ili akakae mbele ya kompyuta kurekodi sauti. Sauti tupu! Tangu lini sauti ikawa na pua?

Mwenye sauti ni mwanamke wa Niamey, anayemsomesha vitenzi vya Kizarma, lugha ya kwao. Miezi sasa Kheiria anamsikiliza nyuma ya mlango. *A koy*, amekwenda, jambo limekwisha. *A ga koy*, huenda, au atakwenda, bado halijakwisha. "Rudia, tafadhali," mumewe humwambia, kwa upole ambao Kheiria hajauonja tangu fungate.

Akabeba dele la kahawa, akaingia. Mumewe akapokea kikombe, akanywa, akakitikisa bila kuinua macho. Ndivyo mgeni anavyomwambia mwenyeji kwamba basi, ametosheka.

Mgeni! Nyumbani kwake, kwa mke wake!

Dele likagonga meza.

"Nani yupo hapo?" mwanamke akauliza kutoka kwenye kompyuta, kwa Kiarabu.

"Hapana mtu," mumewe akajibu. "Tuendelee."

Kheiria akaizunguka meza. Akainamia maikrofoni mpaka pumzi yake ikaigusa.

"*Ay go ne*," akasema kwa Kizarma. Mimi nipo hapa.

Mumewe akainua macho, akamtazama kama anamwona leo.

"Rudia, tafadhali," akamwambia, kwa upole uleule.

Kheiria akakichukua kile kikombe mezani, akakitikisa.