Kadi ya Kitabu cha Mwisho

Mkuu wa mji aliandika amri kwa mkono wake: vitabu vyote vya falsafa ya utawala vichomwe. Bi Mwanakheri, mtunza maktaba, alikifungua cha mwisho ili atoe kadi ya waazimaji, kama ilivyo desturi kabla kitabu hakijatupwa.

Jina lilikuwa moja tu, la mkuu mwenyewe, enzi za uanafunzi wake. Pembeni mwa sura ya udhalimu palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko uleule wa amri: “Siku nikiwa hivi, nionyesheni ukurasa huu.”

“Lete basi, Bi Mwanakheri, moto unazimika!” askari aliita uani.

“Hiki...” Alibana kidole kwenye ukurasa ule. “Hiki kuna mtu aliomba aonyeshwe.”

Akaupita moto kuelekea kwa mkuu, kidole kikiwa bado kimebanwa katikati ya kurasa.