Mwenye Gari Aitike

Honi ya gari letu ilianza kulia kutoka behewa la nyuma kabla treni haijasimama Tabora. Kila gari lililopakiwa humwita mwenyewe, naye asipoliitikia minyororo haifunguki. Gari lisiloitikiwa huendelea na treni hadi yadi ya kuyeyushia vyuma. Ndiyo sheria.

Letu lilizungumza kwa sauti ya marehemu mama. Hatukubakiwa na sauti yake mahali pengine popote.

Treni iliposimama, baba alishika mlango wa gari kutoka jukwaani. Tangu apigwe na kiharusi ulimi wake ni mzito, lakini alijitahidi kutoa salamu yetu ya asubuhi: "Mwa... nga... luka, mama Lushinge."

"Samahani, mzee," gari likajibu. "Sikutambui."

"Ni mumeo huyo!" nilifoka, nikapiga boneti ngumi. "Mama, humjui baba?"

"Lushinge, acha makelele mbele za watu. Wewe nakujua, ila amri si yako."

Mhudumu wa treni akanivuta bega. "Kaka, hata ulete nyundo. Linataka sauti ya mzee ileile ya siku lilipoandikishwa. Rudini nyuma, tunaondoka."

Filimbi ikalia. Baba akajaribu tena, mate yakimchuruzika kidevuni, kiganja chake kikiwa kwenye kioo. Behewa likasogea. Akalifuata akichechemea hadi mwisho wa jukwaa, nami nimemshika kiuno asianguke.

"Basi, mzee wangu, utaumia," mama akasema kwa upole. "Mume wangu akija, nitamwambia ulinisindikiza."