Mundu Kati ya Meno

Mji ule wa theluji uliishi kwa kufua miundu mirefu ya kukatia nyasi. Mzee Saveli ndiye aliyeipima: aliugonga kila mundu kwa nyundo ndogo, akausikiliza. Mzima hulia kama kengele, wenye ufa hukoroma. Masikio yake yalipofifia, Agafya, mnoaji wa meza ya pili, alianza kumpa ishara kwa macho: mzima au wenye ufa.

Leo msimamizi mpya alisimama katikati yao, akamziba Agafya.

"Kama husikii, mzee, nenda nyumbani ukalee wajukuu."

Saveli aligonga. Kelele za karakana zilimeza mlio wote.

Agafya akaacha kunoa. Nyundo ya jirani yake ikanyamaza, kisha nyingine, mpaka karakana nzima ikatulia.

"Nani kawaambia mpumzike?" msimamizi akafoka.

"Mikono inatuuma, bwana," alisema Agafya. "Baba Saveli, gonga tu."

Saveli akauma ncha ya mundu kwa meno yaliyombakia, akagonga tena. Ndevu zake zikatetemeka, mlio ukapanda kwenye taya hadi ndani ya masikio. Akafumba macho.

"Mzima," akanong'ona, mundu ungali mdomoni.

Hakuna aliyeinua nyundo kabla chuma hakijamaliza kulia.