Funguo Mbili za Puto

Puto linalotuvunia maji ya ukungu hushushwa kwa funguo mbili, nazo hukaa katika nyumba mbili, ili mtu mmoja mwenye hasira asije akaunyima maji mtaa mzima. Mmoja uko ukutani kwangu. Wa pili uko kwa Bi Tulinave, jirani ambaye sikuwa nimemsalimia kwa miaka minne kwa sababu ya mpaka wa shamba la viazi.

Asubuhi ile upepo uliikata kamba ya chuma iliyolishikilia puto. Puto likaondoka likiburuta kipande cha kamba kuelekea uwanja wa shule, watoto wakiwa mstarini. Funguo hulifumua puto kwa redio, lakini hazifanyi kazi zisipozungushwa kwa wakati mmoja.

"Hesabu wewe, Mzee Mahenge," alisema Bi Tulinave kutoka ng'ambo ya ua, ufunguo wake mkononi. "Si ndiwe msomi wa mtaa?"

"Moja. Mbili. Tatu." Tukazungusha.

Mshono wa juu ukafumuka. Puto likashuka polepole kabla ya kuufikia uwanja, likalala juu ya mashamba yetu yote mawili, na mpaka haukuonekana tena.

Fundi alipokuja alitueleza kuwa siku hizi kuna mtambo unaoshusha puto wenyewe, bila kuhitaji mtu.

"Hatuutaki," tulijibu kwa pamoja.

Kisha Bi Tulinave akaniuliza kama bado nakunywa chai ya tangawizi.