Uji wa Mgonjwa

Chupa ya uji aliyobeba Mwalimu Jethro ilikuwa ya mgonjwa asiyekuwepo.

Mkewe, Orpah, aliupika uji huo jana yake kabla jua halijatua, kama desturi ya Wasabato, akautia katika chupa itunzayo joto. "Mpelekee ungali moto, Baba Mong'ina," alimwambia asubuhi. "Mimi natangulia kanisani. Leo ni zamu yangu kusoma matangazo."

Kumtembelea mgonjwa siku ya Sabato si kosa. Kufanya mtihani wa kompyuta ni kosa, na Jethro alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Kiogoro. Kwa miaka kumi na tisa ya ualimu hakuwahi kusahihisha hata daftari moja siku ya Jumamosi.

Lakini mwaka huo wa 1998 shule yake ilitafuta mwalimu mkuu, na bodi ilimtaka mwenye cheti cha kompyuta. Jioni baada ya jioni Jethro alikwenda Kisii mjini, dukani kwa Gopal, ambako Swati, binti wa mwenye duka, aliwafundisha walimu orofani. Nyumbani alifanya mazoezi juu ya kadibodi aliyoichorea vitufe vyote. Kisha tarehe ya mtihani ikatoka. Jumamosi.

"Dada, siku hiyo mimi sigusi kazi," alimwambia Swati, karibu alie.

Swati alitazama kalenda, kisha akaendelea kufunika kompyuta. Jethro akajua hana la kungoja.

Sasa alipanda ngazi haraka, disketi ikiwa ndani ya Biblia. Alikwisha kuomba msamaha njiani, mara tatu, kwa kosa ambalo bado hajalifanya.

Chumba kilikuwa kitupu. Kompyuta zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Swati alikuwa peke yake akifuta viti.

"Mwalimu? Si leo ni Sabato yako?"

"Nimekuja mtihani."

"Lakini mtihani ni kesho! Walimu wote wamekubali tuhamishe, sababu yako. Mtu wa msimamo hivi, tutamwacha nje namna gani?" Swati alitabasamu kwa furaha. "Jana nimetuma barua kanisani kwenu. Nimeomba isomwe kwa matangazo ya saa nne, watu wote wasikie."

Jethro alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika tano. Huko Kiogoro, Orpah alikuwa amekwisha kuifungua bahasha, akaanza kuwasomea waumini jinsi mumewe asivyovunja Sabato.