Upande Ambao Haujasukwa

Chausiku alikuwa muuguzi aliyevuka mpaka kwenda kujitolea katika mji uliokumbwa na kipindupindu. Asubuhi hiyo dripu za mwisho zilikwisha, na gari lililokuwa likileta nyingine lilikwama ng'ambo ya mto uliofurika. Wagonjwa wawili walikuwa wamekwisha kufunikwa shuka. Akaketi kando ya Ayen, mwanamke aliyekuwa akififia, akatamani hata asingekuja.

Ayen alinong'ona kitu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyejua Kiswahili, akafasiri: "Sista, anasema nywele zimemtimka. Mumewe akija asimkute hivi."

Kwa kuwa hakuwa na dawa, Chausiku alichukua kitana, akaanza kumsuka. Ayen akapapasa msuko wa kwanza, akasema neno, na jirani yake akaangua kicheko.

"Anasema unasuka kama unafunga mzigo wa kuni!"

Ayen naye akacheka, kicheko kikavu kisicho na sauti. Chausiku akajikuta anacheka mpaka machozi, na furaha hiyo ikamshangaza, maana hakuna kilichobadilika. Mikono ya Ayen ilizidi kuwa baridi.

"Basi niufumue?"

Ayen alikataa, akageuza kichwa polepole, akampa upande ambao haujasukwa.