Mzunguko wa Pili

"Kaja! Kaja huyo!" mtu alinong'ona mlangoni, na dereva wa gari la zimamoto, pandikizi la mtu, akajitupa chini ya gari na kujifanya anakagua oili.

Aliyekuja hakuwa mkuu wa kikosi wala mkaguzi. Alikuwa mama mmoja mfupi, mtu mzima, kajitanda nguo nyeusi, kabeba chupa ya chai na mkate uliofungwa kwa kitambaa. Akaviweka juu ya benchi, akachukua chupa tupu ya jana, akageuka kuondoka.

"Mama, kaa basi unywe nasi," koplo alimwomba.

"Siwezi, mwanangu. Nimemwacha mtu nyumbani."

Hata siku moja hakuwahi kukaa. Wala hakuwahi kulitazama lile gari jekundu. Alipita kando yake kainamisha uso, na hakuna aliyemlaumu.

Alianza kuja baada ya mazishi ya yule kijana fundi cherehani aliyeungulia ndani ya kibanda chake karibu na soko. Mazishini kikosi kizima hakikuthubutu kwenda. Wangekwenda na uso gani? Ndipo mama akaja mwenyewe. Siku ile ya kwanza alilia sana, akasema tu, "Kwa ajili ya yule kijana." Nani angethubutu kumuuliza zaidi? Mama wa watu kafiwa na mwana, bado anawaletea chai waliochelewa kumwokoa!

Walichelewa kwa sababu gari zima lilikuwa moja tu. La pili lilikuwa juu ya mawe, halina giaboksi. Na hilo moja, mchana ule, mtu alikuwa amepiga simu liende upande wa pili wa mji: nyumba inaungua, fanyeni haraka. Wakaenda mbio, king'ora juu, wakakuta mtaa umetulia tuli, wanawake wanaanua nguo. Simu ya uongo. Mizaha ya watu wasio na kazi.

Hilo halikuwa kosa la dereva. Kosa lake lilikuwa jingine, nalo lilimtafuna usiku na mchana. Watoto walikuwa wamejaa barazani na madirishani, wanapunga mikono, wanapiga makofi. Naye, mjinga yule, badala ya kugeuza gari arudi kituoni, akauzunguka mtaa mara ya pili, taratibu, king'ora kinalia, ili awafurahishe. Alikuwa hajamaliza redio ilipoita: sokoni kunaungua. Wenzake hawakumsema. Yeye alitamani wamseme, wamtukane kabisa, kuliko kumnyamazia vile.

"Utatoka lini huko chini?" koplo alimwinamia, mama alipokwisha kwenda. "Oili hiyo umeikagua mpaka imeona haya."

Dereva akatoka, mashavu yamelowa. "Ijumaa narudisha ufunguo. Siwezi tena."

"We! Na hili kongwe aliendeshe nani? Klachi yake inakujua wewe tu."

"Nitaliendeshaje, na kila nikishika usukani namwona mwanawe?"

Sajini, aliyekuwa akikunja mpira wa maji, akanyanyua kichwa. "Basi nenda ukamwombe radhi, mtu mzima wewe. Akikufukuza, lete ufunguo. Akikusamehe, rudi tufanye kazi. Kujificha uvunguni hakumsaidii mtu."

Kesho yake mama hakuja, wala siku iliyofuata. Muuza mkate wa jirani na kituo ndiye aliyewaelekeza kwake. Basi wakitoka kujaza maji, dereva akakata kona kuelekea huko, koplo pembeni yake, chupa ya chai mapajani. Njia nzima dereva alikuwa akipanga maneno na kuyapangua.

Walipoingia mtaani akakanyaga breki, koplo nusura agonge kioo. Ulikuwa mtaa ule ule. Baraza zile zile, kamba zile zile za nguo.

"Mungu wangu," dereva alisema. "Kumbe nilikuwa nacheza na king'ora mlangoni kwake, na huko sokoni mwanawe anaungua!"

Koplo akamtazama. Akamsukuma tu begani ashuke.

Mlango ulifunguka kabla dereva hajabisha. Mama alipoliona gari limesimama pale nje, alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Mmefuata nini huku? Ondokeni, wanangu, tafadhali. Kesho nitakuja mwenyewe."

Dereva akapiga magoti pale kizingitini, mtu mzima na ndevu zake. "Mama, nisamehe. Siku ile tungewahi. Tuliletwa mtaa huu huu kwa simu ya uongo, nami nikazunguka mara ya pili kwa upuuzi wangu, watoto wacheke. Mwanao..."

"Nyamaza! Nyamaza, nakuomba!" Mama alimziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamwagika, huku mkono wa pili ukihangaika kuuvuta mlango nyuma yake. "Usiniombe mimi msamaha. Mimi usiniombe!"

Mlango ulikwama kwenye kona ya mkeka, haukufunga. Ndani, juu ya kitanda kilichosogezwa mpaka dirishani, binti mdogo aliyekondeshwa na maradhi alikuwa amejiinua kwa viwiko, anachungulia nje, uso wote unacheka.

"Bibi, wamekuja tena!" aliita. "Leo umewaambia nini kinaungua?"